Usiku wa Thelathini na Saba

Karakana ya mjomba Deogratias, nyuma ya hospitali ya Mwananyamala,
mchana ni randa, gundi na msumeno.
Usiku alituachia, kwa sharti moja:
gitaa lisiegemezwe kwenye bidhaa.

Bendi iliitwa Wanja. Walikuwa wanne, ukimhesabu Doto.
Chausiku wa sauti. Evarist wa besi,
ndani ya koti jeusi la mtumba, la nchi yenye theluji,
akilivaa Februari, jasho likishuka hadi kwenye nyuzi.
Kulwa, na mashine ya midundo aliyoipata Kariakoo
vitufe viwili vikiwa vimeng'oka,
akaipa jina la pacha wake.
"Doto hakosei," nilimsifia siku moja.
"Ndiyo," akasema. "Yule wa kweli alikuwa anakosea."
Sikusifia tena.
Mimi sikuhesabiwa. Mimi nilishika nyaya.

Tulipanga usiku arobaini, kama msiba,
na albamu iitwe hivyo hivyo.

Usiku wa kwanza Chausiku akalala ndani ya jeneza la mninga
ambalo mwenyewe alipona, ndugu wakadai arubuni yao.
Nikamshushia maikrofoni taratibu.
Tulitegemea pango. Tulitegemea kuzimu.
Kwenye hedifoni nikasikia pamba.
Satini inameza kila kitu;
sauti ilitoka kavu, ya karibu,
kama mtu anayemwomba jirani chumvi.
*Kifo hakina mwangwi*, nikaandika kwenye daftari
chini ya hesabu ya Luku.

Mwangwi tuliukuta uani, kwenye simtanki la Mama Tumpe,
lita elfu tano za hewa.
Maji yalikatika tangu Krismasi.
Chausiku akaingia kwa ngazi, bila viatu,
akatamka jina lake tu, mara moja,
nalo likazunguka, likarudi
likiwa na umri mkubwa kuliko yeye.

Kunguru walianza saa kumi na moja, juu ya bati.
Mwanzoni niliwafuta.
Baadaye nikachoka, nikawaacha wawe kiitikio.

Usiku wa kumi na tisa, saa nane, mlango ukagongwa.
Mwanamume, kandambili za rangi mbili,
mkononi kamba yenye fundo moja:
kutoka ncha hadi fundo, urefu wa mtoto.
Evarist akazima amplifaya. Kulwa akamzima Doto.
Nikateremsha la msonobari.
Chausiku akashika upande wa fundo.
Wanja ulikuwa umemshuka hadi kidevuni
kwa joto tu, joto na balbu ya wati mia,
na yule baba akamtazama, akasema,
"Pole na wewe, dada."

Hatukurekodi.
Wiki nzima alikuja uso mtupu.
Alipoupaka tena, aliupaka jicho moja
na hakuna aliyemuuliza.

Wimbo wa mwisho haukuwa na jina, na bado hauna.
Chausiku ndani ya tanki, beti ya pili,
bomba likakohoa.
Likakohoa tena, kutu, kisha maji.
Nilisubiri atoke. Hakutoka.
Maji ya kifundo, maji ya goti,
na kadiri yalivyopanda mwangwi ulipungua nafasi,
ukawa mwembamba, ukapanda juu,
kila mstari na dari yake fupi zaidi,
hadi sauti ikabaki ile ile ya kwenye jeneza,
ya mtu wa karibu, anayeomba kitu kidogo.

Kisha ndoo. Mtaa mzima, ndoo na madumu,
milango, watoto wakiamshwa kwa majina,
na Mama Tumpe akipiga yowe dirishani:
"Maji yanatoka! Amkeni, maji!"
Halafu, kwa sauti nyingine kabisa:
"Nani yumo kwenye tanki langu?"

Kulwa alitaka tukate kabla ya hapo.
Nilikataa.
Hatukufika arobaini.