Chuo Kikuu

Kwetu Langoni kitabu kiliitwa chuo,
na vikiwa vingi, zuo.
Basi ami Famau alipovukia Mokowe kupanda basi la Nairobi,
na mama akimwambia kila apitaye mlangoni,
"Ameitwa Chuo Kikuu!",
mimi, kibogoyo wa meno mawili ya mbele,
nilijua ameitwa na kitabu kikubwa:
amefunua jalada, ameingia, amelala.
Nikamwuliza shangazi Mwanamize,
analala ukurasa gani?
Hakucheka. Alikuwa akichambua mtele.
"Ule wa mbele, usioandikwa neno.
Mgeni hupewa mahali peupe."

Chuo chake yeye kilikaa kidakani
baina ya sahani mbili za kaure zisizoliwa,
kimeviringishwa kanga kuukuu kama mtoto mwenye homa.
Alikifungua alasiri, kalamu sikioni,
akaenda nacho toka kulia kwenda kushoto.
Mimi ubavuni mwake na changu cha shule,
toka kushoto kwenda kulia.
Viwiko vyetu viligongana katikati ya sentensi.

Changu kilitoka sanduku la bati la Mwalimu Shekuwe,
lililofunguliwa kwa msumari, maana ufunguo ulipotea.
Zuo hamsini na tatu. Mchwa walitutangulia,
nao walianzia mwisho,
kama wasomaji wasio na subira.
Sikujua nani aliolewa, nani alinyongwa, nani alirudi.
Kila nikifika palipotafunwa
shangazi aliuliza, "Kisha?"
Nami nikaibuni hiyo kisha.

Siku moja ndani ya kisa ilianguka theluji.
"Ndiyo nini?"
Nikafikiri. Unga, nikasema, unga toka juu,
umefunika mapaa, umefunika njia,
na mtu juu ya farasi haoni aendako.
"Na watu wa mji ule hawatoi masinia wakakinga?"
Sikuwa na jibu. Nikamwongoza yule mtu hadi kwao,
nikamwoza, nikampigia ngoma.
Shangazi akatikisa kichwa, akaenda kukoka moto.

Nilipoitwa na mimi,
Chuo Kikuu kilikuwa na geti, foleni ya karo,
lifti iliyokufa, na maktaba ya ghorofa nne
ambamo vitabu vyote vilikuwa na mwisho.
Nilivisoma kwa pupa, kama mtu aliyekopeshwa.
Lakini mara nyingi nilifunika ukurasa wa mwisho kwa kiganja
nikangoja mtu aniulize.

Mwaka huu wamegawana vya kidakani.
Sahani wamechukua binti zake. Mimi, kile chuo.
Nilidhani ni dua, au tenzi za wazee.
Herufi nilizijua, nilifunzwa chuoni kwa henzirani,
ila zilikuwa zikisema maneno ya Mola tu;
sikuwahi kuzisikia zikisema mkaa.
Nikasoma pole pole, kidole kikienda upande kama kaa.

Lilikuwa daftari la madeni.
*Mkaa nusu gunia, mke wa Koche hajalipa.*
*Nazi sita.*
*Mafuta ya taa yameisha tena. Mtoto asoma usiku. Asikaripiwe.*
Na pembeni, kwa wino mwingine,
visa vyangu. Kila kisha na tarehe yake.

Cha theluji kiko kwenye karatasi iliyoliwa pembe.
Mtu amefika, ameozwa, ngoma imepigwa,
hakuacha hata tarumbeta niliyoisahau mwenyewe.
Chini yake, mstari mmoja:
*Kizuri. Ila mtoto hakumlisha farasi.*

Nimekaa ukumbini na hilo tangu adhuhuri.
Kichochoroni punda wa jirani analia, amechelewa kupewa chake.
Nimetafuta kalamu.
Naanzia kulia,
kwa hati mbovu kuliko ya chekechea:
pumba, debe moja.
Na maji.