Mshiriki Namba Ishirini na Sita

Jina la hali yangu lilikuwa refu,
"upungufu wa umakini, pamoja na, pamoja na,"
behewa baada ya behewa, kama treni ya mizigo
inapokata kona ya Iyunga usiku,
na mimi, kabla behewa la mwisho halijapita,
nilishatoka dirishani, nimehesabu mabati,
nimekumbuka pasi.

Pasi! Nimeiacha inawaka?
"Dada Subilaga," akasema mtafiti, "turudi kwenye swali."

Mwanjelwa, kibandani kwangu, zinaning'inia
gauni kumi na moja zenye mkono mmoja mmoja.
Bibi harusi wa Uyole ameshazaa,
sare za kamati yake bado ni chaki juu ya kitambaa.
Mama aliniita panzi.
Mwalimu aliniita mengine, kwa fimbo.
Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanauliza,
wanauliza tu, hawauzi dawa,
kama kulala mapema, kutembea, kupunguza sukari
kunaweza kuwatuliza watu wa aina yangu,
nilikwenda. Nilichelewa, lakini nilikwenda.

Wakanisomea fomu ya ridhaa, kurasa nne.
"Unaweza kuacha wakati wowote, bila kutoa sababu."
Nikacheka mpaka kalamu ikaanguka.
Kuacha? Hiyo ndiyo fani yangu.

Tukachota bahasha kwenye beseni.
Lugano, dereva wa bajaji, alichota mlima:
kila alfajiri apande Loleza mpaka pumzi ikatike,
saa tatu usiku taa izimwe,
chai kavu, maharage, parachichi.
Mimi nilichota: Endelea kuishi kama unavyoishi.
Andika kila kitu.

Nilitaka kulia. Nimetoka Mwanjelwa kwa miguu
kuja kupewa maisha yangu yale yale?
Enela, mtafiti, miwani imeshikizwa kwa uzi,
akanikalisha.
"Bila ninyi hatutajua kama ni mlima uliomsaidia
au ni Juni tu imepita na baridi yake.
Fundi, ukikata nguo nyingi,
si kuna kipande kimoja usichokigusa,
kinakaa mezani, vingine vyote unapimia hicho?"
Hapo nikamwelewa.

Wiki kumi na mbili.
Niliandika: nimelala saa nane, sababu sikumbuki.
Niliandika: sukari vijiko vitano. Vijiko sita.
Niliandika: nimetoka kununua zipu,
nimerudi na dagaa wa Matema.
Kuna ukurasa una neno moja tu: ukungu.

Na kila asubuhi namwona Lugano akishuka,
jasho linafuka mvuke kwenye baridi,
uso umefunguka kama duka,
miguu yangu inaniwasha kweli kweli.
Siku moja nilifika mpaka mwanzo wa njia,
pale mikaratusi inapoanza.
Nikasimama. Nikakumbuka kipande cha mezani.
Nikarudi, na hilo pia nikaliandika.

Enela alipolihesabu daftari,
siku themanini na nne, hakuna iliyoruka,
alivua miwani.
Katika kundi letu saba walishapotea.
Mimi, panzi, nilikuwa nimekaa juu ya jani moja
majira mazima.

Sijui kama mlima unatuliza. Hata wao hawajui bado;
wanajumlisha, wanasema tusubiri.
Lugano anasema siku hizi analala kama gunia la viazi,
lakini funguo za bajaji
bado anazitafuta mifukoni mwa abiria.

Utafiti umefungwa Ijumaa. Leo Jumamosi,
hakuna wa kunipimia wala wa kumpimia;
raba miguuni, giza bado zito,
natoka kwenda Loleza kwa hesabu yangu mwenyewe,
na nimeshafika kwenye mikaratusi
ndipo nakumbuka pasi.

Nikateremka mbio, nikafungua kibanda.
Ilikuwa baridi, imelala,
haijaguswa tangu Jumatano.

Nikapanda tena.