Uhusiano Wako na Mtuhumiwa

Grimsby, ghorofa ya pili, dirisha lisilofunguka.
Saa tatu kamili nawasha simu, na mji waanza kunong'ona.

Jina lako silitaki, nawaambia. Nitakalo ni la mwenzio.
Nao hunipa, hata salamu hawajamaliza:
yule wa namba kumi na sita anayelipwa kwa mgongo mbovu
jana kabeba friji ngazi tatu, shemejiye akimshangilia;
yule mama wa watoto wanne anayedai analala peke yake,
mbona kambani kwake zimeanikwa soksi za kiume,
jozi saba, namba kumi na moja?
Mtu alizihesabu. Mtu alivaa miwani,
akatoka kwenye baridi ya Januari,
akazihesabu.

"Ile ni kodi yangu," wanasema. Wote husema hivyo,
hata yule ambaye, kwa ile televisheni inayobwata nyuma yake
saa nne asubuhi,
najua hajakatwa kodi ya mshahara
tangu kiwanda cha samaki kifungwe.
Kodi yangu. Kama mtu asemavyo figo yangu.

Nina visanduku kumi na viwili vya kujaza.
Hakuna kisanduku cha kisiwa.
Mwenye maghala ya bandarini ana kampuni
ndani ya kampuni ndani ya kampuni,
na ile ya mwisho inaishi katika sanduku la posta
mahali penye jua mwaka mzima.
Miaka sita nimekaa hapa, hajapigiwa simu hata moja.
Soksi zake hazianikwi nje.
Nilimuuliza Shabnam wa meza ya pili: na yule je?
Akatafuna biskuti yake mpaka ikaisha.
"Yule kawanunulia watoto wa shule jezi," akasema,
"halafu ana akili."
Nikacheka. Usiku, nikipiga mswaki,
nikagundua kuwa sikuwa nimecheka kwa dhihaka.

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, simu ya mwisho.
Sauti kama mlango uliovimba kwa mvua.
"Nataka kumripoti mtu."
Jina lake?
"Cyril Blenkin."
Kosa?
"Amepokea posho ya mkewe majuma matatu baada ya kumzika."
Yukoje?
"Mfupi. Ana kovu kidevuni, la ndoana, enzi za meli.
Sweta ya kahawia, kiwiko kimetoboka."
Anapatikana wapi?
"Nyumbani. Siku hizi haendi popote."

Nikafika kisanduku cha tisa, nikasoma kama nilivyofunzwa:
uhusiano wako na mtuhumiwa?

Kimya. Huko kwake birika lilipiga mluzi, likaondolewa motoni.

"Tumeishi pamoja miaka sabini na minne," akasema.
"Sikujua kama ni mwizi."

Akataka kujua kama tunapokea fedha taslimu.
Zilikuwa ndani ya kopo la chai, zimepungua kidogo:
maua, na nauli ya wifi yake kutoka Hull.
Pengo angelijaza polepole, kila Jumanne.
Akauliza kama jina litatoka gazetini.
Ana jirani, alisema, mtu mwema tu,
ila ni mtu wa kuhesabu.

Shabnam alikuwa ameshavaa koti. Akaniashiria: nani huyo?
Sikuwa na neno la kumpa.
Kwenye skrini kishale kilikuwa kinapepesa,
visanduku kumi na kimoja vimejaa,
na chini kabisa kitufe cha kijani kikisubiri kidole changu.

"Bado upo, binti?"
Nipo.
"Samahani nakuchelewesha, na leo ni Ijumaa.
Hebu nisomee tena yote niliyosema,
nisije nikawa nimemsingizia."