Sahani ya Tano

Jina lako sikulipata.
Aliyekopi ile sidii aliyakata maandishi ya mwisho
ili nafasi itoshe ngumi na mateke,
filamu kumi na mbili kwa shilingi mia,
na yako ikabaki katikati kama chuya kwenye mchele,
dakika saba,
kibandani kwa Budeba, Mabatini, Mwanza,
mwaka ule wa mgawo wa umeme.

Mama mmoja, jikoni. Anapakua ugali.
Anahesabu sahani: nne.
Anageuka kuchukua mboga, anarudi: tano.
Moja anairudisha kabatini. Anahesabu kwa kidole.
Tano.
Hakuna muziki. Hakuna anayepiga kelele.
Kuna mwiko tu unaogonga ukingo wa sufuria,
na mlango ambao kamera inakataa kuutazama.

Budeba ndiye aliyetutafsiria filamu zote,
Mmarekani, Mchina, Mhindi, wote aliwatia Kiswahili cha Mabatini;
muuaji akichomoa bastola, Budeba humfanya adai kodi ya nyumba.
Usiku ule alishika kipaza sauti, akasema,
"Huyu mama hesabu zimempiga chenga,"
tukacheka.
Sahani ikarudi.
Akasema, "Huyu mama..."
Nikasikia kidole chake kikizima kipaza sauti,
tk.
Nje jenereta lilikuwa likikohoa.
Hakuna aliyetoka kwenda kukojoa.

Mwishoni mama yule anaketi mbele ya sahani ya tano,
anasema neno moja, midomo tu, sauti imekatwa.
Tulibishana wiki nzima.
Wengine, "Ondoka." Wengine, "Nani?"
Mimi nilisoma "Karibu," nikanyamaza nalo.

Kwa sababu kwetu, juu kule mawe yanakobeba nyumba,
mama yangu alikuwa akipakua vilevile.
Tulikuwa wanne.
Ya tano ya kaka Lushinge, aliyeingia duara la dhahabu Nyarugusu
na duara halikumrudisha, si mwili, si koti.
Asubuhi tulikula kiporo chake, hatuulizani.
Sikujua kama kinatisha.
Wewe ndiye uliyeniambia, ukiwa sijui mji gani,
na tangu siku ile tonge likawa linasimama kooni.

Sasa nami natengeneza.
Simu yenye ufa, taa ya kuchaji, shuka la kupunguza mwanga.
Mwigizaji wangu ni Nabigambo, muuza dagaa wa Mwaloni,
namlipa nauli na chipsi.
Watu wananishauri: weka jini, weka fisi wa mchawi,
soko linataka damu.
Nimeweka beseni, ufukweni Bwiru,
na nguo za mtoto ambaye hayumo kwenye hadithi.
Anafua, anaanika juu ya jiwe la moto,
anageuka: zinachuruzika.
Anakamua, anaanika.
Ndiyo, nimekuibia. Nakiri.

Jana magugu maji yalisogea nyuma yake bila upepo,
kisha wadudu wa ziwani wakapanda kama moshi wa kijiji kizima,
wakaifunika taa kwa miili yao.
Nikasema, "Kata."
Mkata picha ni mimi mwenyewe, na kidole kiligoma.
Kongoti mmoja akaingia kwenye fremu,
upara wake, koti lake la karani aliyefukuzwa kazi,
akazikagua zile nguo moja moja
kama mtu aliyetumwa kuzichukua.
Huyo sikumpanga.
Nabigambo mpaka leo anadai pesa ya nyongeza kwa ajili yake.

Dakika sita na sekunde arobaini.
Mwishoni naye anasema neno moja.
Aliniuliza, "Niseme nini?"
Nikamwambia lolote, sauti nitaikata.
Akasema. Nikaikata kabla sijaisikiliza.

Mama ameitazama kwenye simu, amesimama mlangoni,
miwani juu ya paji la uso.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Aliirudisha nyuma mara mbili, palepale pa midomo,
akanipa simu yangu,
akaenda jikoni.

Nikamsikia akihesabu.