Usifungue Dirisha

Usifungue dirisha, Bibi Odile.
Najua mama yako alifungua, na nyanya yako kabla yake,
kila maji yalipopanda kutoka horini
wakatandaza magodoro uani, wakalingoja jua.
Lakini Agosti hii, hapa Terrebonne, hewa ya nje
ni maji yaliyokosa pa kulala.
Ukiyafungulia yataingia bila hodi.

Acha mashine zingurume.
Feni sita zimeinamia sakafu kama mbwa wanusao,
na hilo dubwana la buluu pembeni, lenye mkia wa mpira,
linakunywa hewa na kukojoa kwenye sinki.
Ndiyo, cheka. Jana limetoa lita sitini na mbili.
Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajawahi kufanya kazi na mimi.

Ukuta una uso mkavu na tumbo bichi.
Unaugusa kwa kiganja, unakudanganya.
Ndiyo maana natembea na hiki chenye meno mawili:
nakichomeka kwenye msonobari, mti unakiri.
Siku ya kwanza, thelathini na nane kwa mia.
Siku ya pili, thelathini na tatu.
Kule darini, mbao ambazo hazikuonja mafuriko
zinasoma kumi na nne.
Huko ndiko tunakokwenda. Si ukavu wa jangwa;
ukavu wa hapa hapa, wenye jasho lake kidogo.

Siku ya tatu nilikata jasi
kutoka kiunoni kwenda chini, chumba kizima,
nikavuta sufi ya kioo iliyolowa,
nzito kama paka aliyekufa maji.
Na pale, nguzo ya tatu kutoka mlangoni,
penseli.

Mwandiko wa Ulysse, ulisema, wa kulalia kushoto.
12 × 14.
Mstari.
Chini ya mstari, 178.

Uliniomba tochi.
Ulisimama na mabuti yako ya mpira, midomo ikihesabu,
ukarudia, ukatumia vidole,
kisha ukasema jina ambalo sikuwahi kulisikia humu ndani:
Anatole Dardar.

Mwenye duka la mbao, ng'ambo ya hori.
Amenipunja mbao kumi, Ulysse alikula kiapo,
na kwa miaka thelathini na moja hamkumpa mkono,
hata kanisani. Mkewe alipozikwa
mlipeleka shada lisilo na jina.
Ulysse alikufa na hasira ile kinywani
kama jino la dhahabu.

Sikusema kitu. Mimi kazi yangu kupima.
Nilichomeka meno chini ya hesabu ile.
Ishirini na moja. Bado.

Usiku ule hukulala.
Kelele za feni, uliniambia asubuhi.
Feni.

Leo siku ya tano.
Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tano kwenye kona ya jiko,
nayo itashuka yenyewe.
Nazima moja moja, na kimya kinapoingia
tunasikia friji, saa ya ukutani,
na pumzi zetu, ambazo tulikuwa tukizipigia makelele.
Jumatatu fundi analeta jasi mpya.
Nilikupa penseli yangu. Uliishika, ukaitazama nguzo,
ukanirudishia.

Unauliza kesho naenda wapi.
Natazama orodha: nyumba ya njano, ng'ambo,
maji yalifika kwenye soketi.
Ninasoma jina, na ninyi wawili,
wewe na lile jina, mnatazamana.

Unapanda kiti, unashusha kutoka rafu ya juu
chupa ya jamu ya tini, ya mwaka juzi.
Unaifuta kwa aproni, ingawa ni kavu. Unaifuta tena.
"Mpe. Usimwambie imetoka kwa nani.
Mwambie tu
mia moja sitini na nane."