Majibu ya Maabara, Masasi

Bahasha imetoka Dodoma, imekunjika.
Jina langu juu yake: Filomena Nachundu, sampuli kumi na moja.
Mama yuko nyuma ya Mkomaindo, anapasua kokoto,
kidole gumba amekifunga mpira wa baiskeli.
Hainui uso. "Karatasi yako inasemaje?"

Inasema jiwe hili lilikuwa moto, mama.
Inasema hapa, kabla ya mkorosho, kabla ya udongo wenyewe,
palikuwa na ukingo wa bara,
na bahari isiyo na jina ikiingia chini yake
kama mkeka unaosukumwa mvunguni.

"Nani aliyeusukuma?"

Uzito wake. Sakafu ya bahari ikizeeka hupoa,
ikipoa huwa nzito, ikiwa nzito huzama.
Mwanzoni ilizama wima, imelowa chepechepe,
huko chini ikakamuliwa kama nazi kifumbuni,
tui likapanda, likalainisha mwamba wa juu
hata ukayeyuka.
Volkano za enzi ile zina bariamu tele,
niobiamu kiduchu: haipendi safari ya maji,
ilibaki na machicha.

Kisha mwendo ukabadilika.
Sakafu ikalala, ikateleza mshazari chini ya bara,
ikakawia jotoni, ikaanza kuyeyuka yenyewe.
Tazama kuanzia sampuli ya saba:
strontiamu imepanda, itriamu imeshuka.
Itriamu ilizuiwa na garneti kulekule chini
kama mgeni aliyeambiwa huondoki hujala.

Baadaye yote yakazikwa, yakakandwa, yakakunjwa,
na mvua, sijui mvua ngapi,
zikayafukua.

Mama anasikiliza kama anayehesabu chenji.
Anaokota vipande nilivyoleta, anagonga kimoja kimoja.
"Hiki kinalia. Hiki bubu, hawa bubu wanakula nyundo,
ndoo moja yao ni nusu siku."
Vinavyolia anaviweka kushoto, bubu anawaweka kulia.

Nageuza vipande, nasoma namba za rangi chini yake.
Kushoto: moja, mbili, tatu, nne, sita.
Kulia: saba hadi kumi na moja,
na ya tano.

"Ya tano ni ya kushoto," namwambia. "Karatasi inasema."
Anaigonga tena, sikio karibu,
anairudisha kulia.
"Basi wakaipime upya."

Nyundo inaendelea.
Natoa penseli, pembeni mwa safu ya tano
naandika: *rudia*.