Thelathini na Mbili, Mwanga

Leo nimejinunulia mgebuka mzima,
sikugawana kichwa na mtu.
Mama Ntibashima kamkaanga kwa mawese hadi mkia ukajikunja,
akanirushia ndimu:
"Ya kuzaliwa hiyo, usilipe."

Thelathini na mbili.
Goti la kushoto linanung'unika nikipanda kutoka Kibirizi,
mshahara unafia tarehe kumi na tisa,
na shuka la lastiki bado sijui kulikunja.

Bukuru kapiga simu kutoka Mpanda:
"Butoyi, umekula?"
Alinitangulia dakika kumi na moja tu,
ananiuliza hivyo tangu hapo.

Nimekula, dada.
Vidole bado vyekundu.
Soda yangu naivuta taratibu, taa za madukani zinawaka,
mara umeme unakatika,
mtaa mzima unaguna,
nami naguna nao,
kama mwenyeji.